Simu ilikuwa waya: Historia ya nyaya zilizofichwa kutani Kisumu

NENO 'simu' lilipoingia katika Kiswahili halikuwa jina la kifaa. Asili yake ni Kiajemi, ambako sim ni fedha na pia ni waya. Kebo ya chini ya bahari ilipounganisha Zanzibar na Aden mwaka wa 1879, na nyingine ikaunganisha Zanzibar na Mombasa mwaka wa 1890, watu wa pwani waliutaja muujiza ule kwa kile kilichoubeba, yaani waya. Baadaye wakalazimika kupambanua. Kulikuwa na simu ya maandishi, kukawa na simu ya mdomo, na ulipokuja ujumbe usiohitaji nguzo wala kebo wakauita simu ya upepo. Ukiirudisha ile ya mwisho kwenye asili yake, ni waya wa upepo! Kijaluo nacho kililichukua neno pamoja na kitenzi chake. Goyo ni kupiga, na mtu wa Kisumu hadi leo hugoyo simo kama Mswahili anavyopiga simu.

Nimeanza na neno hili kwa sababu wiki hii nataka tuzungumze juu ya nyaya zilizofichwa ndani ya kuta na dari za majengo ya biashara mjini Kisumu. Najua wapo watakaouliza safu ya lugha ina nini na kazi ya fundi. Naomba wanivumilie niwasimulie kisa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na kibarua katika ofisi ya chuo kimoja kilichopanga orofa mbili katikati ya mji. Jina lake tuliache. Kompyuta zilikuwa saba, zote zimeungwa kwa kebo moja nyeusi, nene kama ya antena ya runinga, iliyopita meza hadi meza. Mfumo ule ulikuwa na tabia ya mnyororo: pete moja ikikatika, mnyororo wote umekwisha. Mtu akisogeza kiti akaunasa waya kwa mguu, kompyuta zote saba zilinyamaza, na sisi tukaanza kutambaa chini ya meza kutafuta kiungo kilicholegea. Faili za wanafunzi zilikaa katika mashine kuu ndani ya chumba cha mhasibu, na sisi wengine tulizifikia kwa waya huo tu.

Siku ya mwisho ya kupeleka majina ya watahiniwa, mvua ya alasiri ilikuja na radi zake, mtandao ukazima. Mhasibu alikuwa amefunga chumba na kwenda Ahero mazishini. Fundi aliyeufunga mfumo ule, mtu mpole wa Nyalenda, alikuwa amehamia Kampala. Tulimleta kijana mwingine, tukafungua dari. Tulichokiona ni nyaya za simu za zamani, za umeme, za kengele na za kompyuta, zimefungamana kama wavu mbovu uliotupwa ufuoni Dunga. Hakuna hata mmoja uliokuwa na alama. Nilimuuliza kijana, "Hii waya inaenda wapi?" Akanijibu, "Mwalimu, mwenye aliweka ndiye anajua."

Tulipeleka orodha ya karatasi iliyokuwa imechapishwa wiki moja kabla. Majina ya wanafunzi wawili waliochelewa kujiandikisha hayakuwemo. Walifanya mtihani wao mwaka uliofuata.

Mwenye aliweka ndiye anajua. Sentensi ile, kwa sarufi yake ya mtaani ambayo wahariri wangenikatia, imenikaa kichwani zaidi ya miaka 20. Ni sentensi inayoweza kuandikwa juu ya karne nzima ya nyaya za Kisumu.

Waya wa kwanza ulikuja na reli. Ujenzi ulioanzia Mombasa mwaka wa 1896 ulifika ufuo wa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence, na nguzo za simu ya maandishi zilikuwa zimeandamana na mataruma. Kisumu wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Uganda. Ilihamishiwa upande huu mwaka wa 1902. Hapo nyuma, katika vilima vinavyoliangalia ziwa, Wanandi walikuwa wakipigana na Waingereza, vita vilivyoendelea hadi Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Waya wa simu ulikatwa mara kwa mara, ukafuliwa mapambo. Maafisa waliandika kwamba ni wizi. Mimi naona aliyeukata alielewa vizuri kuliko wengi wetu kwamba waya ule ulikuwa ukibeba maneno yasiyomtakia heri. Karne moja baadaye nyaya za shaba za simu ziliibwa tena kote nchini, safari hii zikauzwa kama vyuma chakavu, na hapo hapakuwa na shujaa yeyote.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 waya ulikuwa mali ya Posta. Kwanza lilikuwepo shirika la pamoja la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977 likaja shirika la Kenya la posta na simu, ambalo wengi tunalikumbuka kwa herufi zake, KPTC. Mwenye jengo hakuwa na neno. Fundi wa Posta alikuja na ngazi, akavuta jozi moja ya nyaya kutoka barabarani hadi mezani kwa mkubwa, akatia sahihi kwenye kadi, akaenda zake. Ulipotaka laini ya pili ulijaza fomu ukangoja. Kwa hakika mfumo ule ulikuwa wa polepole mno, lakini ulikuwa na jambo moja ambalo baadaye tulilipoteza: palikuwa na kadi mahali fulani, na kadi ile ilisema waya upi unakwenda wapi.

Yaliyotokea baadaye Kenya yalikuwa yameshatokea Marekani, kwa hivyo inafaa tuvuke bahari kidogo. Huko nako nyaya za ndani ya majengo zilikuwa chini ya kampuni moja kubwa ya simu, AT&T, hadi ilipovunjwa tarehe 1 Januari 1984. Ghafla wenye majengo wakajikuta wamerithi nyaya wasizozijua. Wakati huohuo kompyuta zilikuwa zikiingia maofisini, na kila mtengenezaji alikuja na waya wake na kichwa chake cha kuunganishia. Ukibadilisha aina ya kompyuta, unabomoa dari. Mwaka wa 1985 kampuni za kompyuta na mawasiliano ziliomba uwepo mwongozo mmoja ambao ungefaa jengo lolote na mashine yoyote. Mwongozo huo ulitoka Julai 1991 kwa jina lisilo na ladha, EIA/TIA-568, na umerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Mwaka wa 1993 ukafuatwa na ndugu yake, 606, ambao kazi yake yote ni kueleza jinsi ya kuzipa nyaya majina na kuyaandika. Naomba msomaji aikumbuke hiyo 606, nitairudia.

Wazo la mwongozo wa 568 ni jepesi hata mimi mwalimu wa lugha nimelielewa. Badala ya mnyororo unaopita meza hadi meza, jengo linawekewa mti. Mizizi ni chumba kidogo ambamo waya wa nje unaingilia. Shina linapanda kutoka orofa hadi orofa, na mafundi huliita uti wa mgongo. Katika kila orofa kuna kabati au chumba cha nyaya, na kutoka hapo kila soketi ya ukutani inapata tawi lake peke yake. Hakuna meza inayotegemea mguu wa jirani. Waya mmoja ukifa, meza moja inalala, nyingine zinaendelea na kazi. Kabatini matawi yote yanaishia kwenye ubao wenye matundu yaliyopangwa safu na kupewa nambari. Karani akihama kutoka dirishani hadi mlangoni, huna haja ya kumvutia waya mpya. Unachomoa kamba fupi kwenye tundu moja na kuichomeka kwenye jingine.

Tawi lina kipimo chake. Waya uliozikwa kutani usizidi mita 90, na kamba fupi za pande zote mbili, ya kabatini na ya mezani, zisizidi mita 10 zikijumlishwa. Jumla ni mita 100. Ukipita hapo ishara inachoka njiani. Nimeona ghala refu karibu na bandari ambalo fundi alivuta waya mmoja kutoka mwisho hadi mwisho kwa kuwa "inashika tu". Ni kweli ilishika, ikawa inashika asubuhi na kuachia mchana.

Ndani ya tawi mna nyaya nane nyembamba, jozi nne, na kila jozi imesokotwa. Kusokota huku si urembo. Ni uvumbuzi ambao Alexander Graham Bell aliupatia hataza mwaka wa 1881, baada ya watu kugundua kwamba nyaya mbili zikilala sambamba zinaibiana maneno: unazungumza na duka lako na huku unasikia ya jirani. Zikisokotwa, uchafu unaoingia katika waya mmoja unaingia pia katika mwenzake kwa kiasi kilekile, na mashine ya upande wa pili hupima tofauti kati ya nyaya hizo mbili, basi uchafu unajifuta. Kila jozi husokotwa kwa kasi yake ili zisioane na jirani. Mvuvi wa Dunga anayesokota kamba anataka nguvu. Fundi wa mtandao anataka unyamavu. Ndiyo sababu mwongozo unakataza kuifumua jozi zaidi ya milimita 13 mwishoni unapoifunga kwenye soketi. Milimita 13 ni kama upana wa ukucha wa kidole gumba. Fundi mwenye haraka hufumua sentimita tano, kwa sababu vidole vyake vinapata nafasi.

Tatizo hilo la waya kunong'onezewa na jirani bado halijapata neno lililozoeleka katika Kiswahili. Mimi ningeliita mnong'ono. Wanaistilahi watanisahihisha.

Nyaya nane zina rangi, na rangi zina mpangilio. Mipangilio iliyokubaliwa ni miwili, A na B, na tofauti yake ni kwamba jozi ya chungwa na ya kijani zimebadilishana nafasi. Ule wa B mafundi huukariri hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nilipomsikia kijana mmoja wa Kondele akiutamka kwa mahadhi huku akipanga nyaya kidoleni, nilicheka. Nyaya nane, kama mizani nane za mshororo wa utenzi! Na kama katika utenzi, kosa la mizani linasikika. Upande mmoja ukifungwa kwa A na mwingine kwa B, unakuwa umebadilisha njia za kutumia na kupokea, na miaka ile vifaa vingi vilikuwa havijui kujirekebisha. Kwa hivyo swali la kwanza la fundi mzuri akiingia jengo la watu ni, "Hapa wametumia A ama B?" Kumbe jibu huwa lilelile. Mwenye aliweka ndiye anajua.

Turudi nyumbani. Mvunjiko wetu ulikuja mwaka wa 1999, miaka 15 baada ya ule wa Marekani. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 iliigawa KPTC, tukapata Telkom Kenya, Posta ikabaki peke yake, na tume ya kusimamia mawasiliano ikaundwa. Kama ilivyokuwa kule, wenye majengo walirithi nyaya. Tofauti ni kwamba kule mwongozo ulikuwa umepata miaka kadhaa ya kupikwa, ilhali huku ulifika ukiwa tayari umeiva, kwa Kiingereza, katika vitabu ambavyo fundi wa kawaida hakuviona. Waliozifunga ofisi za Kisumu miaka ile ya kwanza walikuwa mafundi wa umeme, wa redio na wa runinga, waliojifunza kwa kumwangalia mwenzao. Siwabezi. Bila wao mji usingekuwa na saibakafe hata moja. Lakini walichojifunza kwa macho ni mkono wa kazi, sio kadi ya kazi.

Halafu ikaja 2009. Hadi hapo intaneti yetu ya kimataifa ilitegemea setilaiti. Juni mwaka huo kebo ya TEAMS ilifika Mombasa ikitoka Fujairah, na mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi. Ndani ya miaka michache nyuzi za kioo zilikuwa zimefika Kisumu. Hapa pana jambo dogo la lugha. Watanzania walitazama kitu kile wakakipa jina mkongo, na serikali yao ikaulipia Mkongo wa Taifa. Sisi Wakenya tukasema faiba, tukamaliza. Sina ugomvi na faiba, kwa kuwa neno linalotamkwa na mama wa kibanda cha M-Pesa na mkurugenzi wa benki kwa namna moja limeshapata uraia.

Lakini kasi hiyo mpya iliumbua kuta zetu. Waya uliofungwa mwaka wa 2001 kwa vidole vya haraka ulitosha wakati kilichopita ndani yake kilikuwa kidogo kama uzi wa maji kwenye bomba la Manyatta. Faiba ilipoleta mto mlangoni, jengo likabaki na mrija. Mpangaji analipia kasi, anapata robo, anampigia kelele aliyemuuzia intaneti, naye anakuja, anapima mlangoni na kuonyesha kwamba upande wake ni mzima. Ugonjwa umo ndani, katika mita 90 zisizo na mwenyewe.

Kisumu ina adui mwingine ambaye Nairobi hawamjui vizuri. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Joto la mchana linainua unyevu wa ziwa, na jioni unarudi kwa kishindo. Waya wa shaba uliovutwa angani kutoka jengo moja hadi jingine ni mwaliko. Radi haina haja ya kuupiga wenyewe. Ikipiga karibu inatosha kusukuma nguvu ndani yake, na nguvu hiyo inatokea kwenye ubao wa matundu na kuzichoma mashine za pande zote mbili. Dawa ni mbili na zinakwenda pamoja: kabati zifungwe kwenye waya wa ardhini, na baina ya jengo na jengo upite uzi wa kioo, ambao hubeba nuru na haupitishi umeme. Umeme, kwa Kiswahili, ni ule wa mbinguni na ni ule wa kulipiwa bili. Lugha zetu zilijua mapema kwamba hao ni kitu kimoja.

Kuna pia waya bandia, alumini iliyopakwa shaba, unaouzwa kama shaba tupu. Ukikwangua ngozi yake kwa kisu unakuta weupe kama wa fedha. Yule sim wa Waajemi amerudi kutudhihaki.

Sasa ile 606. Nimezungumza na mafundi wengi wa Kisumu juu ya majina ya nyaya, na majibu yao yananifundisha kuliko vitabu. Wengine husema mteja hataki kulipia siku mbili za kuandika vibandiko na kuchora ramani. Ni kweli, nimeziona zabuni za ofisi ambamo kipengele hicho ndicho kinachokatwa kwanza. Wengine husema, kwa sauti ya chini, "Ukiandika kila kitu, boss hatakuita tena." Hili ni zito, na simlaumu fundi asiye na mshahara wa mwezi. Ujinga wa mwenye jengo ndio bima yake ya uzeeni. Lakini bima hiyo hulipwa na watu wasiokuwepo kwenye mapatano, kama wale wanafunzi wangu wawili.

Sababu ya tatu ndiyo inayonihusu mimi. Vibandiko vichache nilivyovikuta vimeandikwa kwa mkato wa Kiingereza cha kitabuni, herufi na nambari zisizomwambia kitu karani, mlinzi wala fundi atakayekuja kesho. Aliyeviandika alikuwa akinakili. Mtu hanakili kwa raha asichokielewa, na akichoka anaacha. Tangu 2013 serikali za kaunti zimejaza kumbukumbu za ardhi, leseni na matibabu katika kompyuta zilizofungwa kwenye kuta kama hizi, kisha tunaendelea kuzungumzia istilahi kana kwamba ni mapambo ya kongamano.

Mwezi uliopita nilialikwa kuangalia kazi katika jengo la zamani Mtaa wa Oginga Odinga, lenye kuta nene za wafanyabiashara wa Kihindi, ambazo wimbi la waifai halizipenyi vizuri na hivyo nyaya hazina budi. Fundi ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa ametoa darini gunia zima la nyaya mfu. Nyaya mpya zilikuwa kabatini, zimefungwa mafungu mafungu, na mkononi alikuwa na kimashine cha kuchapia vibandiko.

"Japuonj," akaniita, kwa maana ya mwalimu, "nimeweka nambari, lakini nataka mtu wa kusafisha pia aelewe. Tuandike nini?"

Tulikaa juu ya ndoo mbili za rangi tukaandika ubao mzima. Orofa 1, Mapokezi, mlangoni. Orofa 1, Mapokezi, dirishani. Orofa 2, Uhasibu, ukuta wa ziwani. Nilipendekeza 'chumba cha seva' akasema kila mtu hapa anakiita chumba baridi, kwa sababu ya kipoza hewa. Tukaandika Chumba Baridi. Orodha yenyewe akaichapisha nakala tatu: moja akaibandika ndani ya mlango wa kabati, moja akampa mwenye jengo, ya tatu akaipiga picha akajitumia kwa simu. Ilikuwa inakaribia saa kumi, na upande wa ziwa kulikuwa kumeanza kuwa cheusi. Akachukua bisibisi, akarudi kukaza waya wa ardhini.